Kiti Kilichosogezwa Mbele

Mlango wa Nne, Ghorofa ya Kwanza,
Juu ya Duka la Vioo.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na kazi mpya haikutoi jasho kupita kiasi. Shemeji naye je, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Na wapwa zangu hawajambo? Nawasalimu wote, mmoja mmoja. Yule mdogo mwambie suruali aliyoniagiza iko tayari, imebaki vifungo tu.

Sisi huku miili yetu haijambo. Wifi yako ni mzima na zahanati bado wanamtegemea kwa kila kitu. Binti yetu yuko chuoni anasoma na kuchezea simu, zaidi simu. Mimi nakula, nalala, nashona. Lakini moyo wangu si mzima, dada. Nina wivu. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu ungenicheka kabla sijafika nusu, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho, ndipo ucheke ukitaka.

Unalikumbuka gari langu, lile jeupe. Nilipolinunua nilikutumia picha zake kumi na mbili, na wiki hiyohiyo nikakutumia picha moja ya mtoto, ukanisuta vizuri sana. Basi mimi ni yuleyule. Kila Jumapili nalifuta vumbi kwa kitambaa laini, kilekile ninachotumia kupangusia cherehani, na sipendi mtu aufunge mlango wake kwa nguvu. Nikisikia mlango umepigwa, meno yananiuma.

Mwezi wa pili binti alikuja likizo akakaa dirishani, akahesabu siku ambazo gari lilitoka uwanjani. Wiki nzima lilitoka mara moja. Duka langu liko hatua mia moja kutoka nyumbani, kwa hiyo gari kazi yake kubwa ni kukaa na kutazamwa. Akaniambia iko programu ya simu ambayo wenye magari wanawaazima majirani kwa malipo, kwa saa au kwa siku. Jirani anatuma ombi, mwenye gari anabonyeza kukubali, basi. Nyumba yetu ina milango ishirini na magari matatu tu. Akasema, "Baba, watu wanahitaji gari saa mbili kwa wiki. Wewe unalo na hulihitaji hata hizo."

Nilikataa siku tatu. Siku ya nne nikakubali, kwa sababu bima na matairi vilikuwa vinanikaba koo, na pia, sikufichi, kwa sababu nilitaka majirani wajue gari zuri likoje.

Hapo ndipo nilipojitafutia maradhi. Mwalimu wa muziki wa ghorofa ya pili alilichukua Ijumaa moja, likarudi redio ikiwa kwenye stesheni nisiyoijua na ndani kunanukia machungwa. Maharusi wa mlango wa kumi na moja walilichukua wakalirudisha na mchanga kwenye mazulia. Nilikuwa nasimama kwenye baraza nikilitazama likitoka getini na mtu mwingine, na nakuambia kweli, roho iliniuma mpaka chai ikanipoa mkononi. Wifi yako alikuwa ananitazama tu, halafu anaendelea kupiga pasi sare yake ya uuguzi.

Wa kuniuma zaidi alikuwa yule mfamasia mstaafu wa ghorofa ya tatu. Tunamwita Taratibu, maana hata akikusalimu unaweza kuchemsha maji kabla hajamaliza. Ni mrefu, mpole, mkewe alifariki zamani. Huyo akawa analichukua kila Jumanne na kila Jumamosi asubuhi, saa mbili hadi saa nne. Gari langu, ambalo mimi asubuhi lazima nilibembeleze mara mbili tatu ndipo liwake, kwake yeye lilikuwa linawaka mara moja! Nililisikia kwa masikio yangu nikiwa juu. Na kwenye programu aliandika maoni: "Gari tulivu sana. Mwenye gari ni mkali kidogo." Akatoa nyota tano. Nyota zile zilinikera kuliko angenipa moja.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usimwambie mtu. Mimi kazi yangu ni vipimo. Kila likirudi nashuka na futi yangu ya kushonea shingoni, naingia, napima kutoka kwenye klachi hadi ukingo wa kiti. Nilianza kwa kukaa mwenyewe, nikalinganisha na mguu wangu wa ndani, yaani kutoka pajani hadi kwenye kifundo, ambao ni inchi thelathini na moja. Kuanzia hapo kiti kikawa kinanisimulia kila kitu. Mwalimu wa muziki, thelathini. Bwana harusi, thelathini na mbili. Taratibu, thelathini na nne, sawasawa na suruali nne nilizomshonea. Nilikuwa najiona mpelelezi.

Wiki ya nne ya Taratibu, nikapima nikapata ishirini na saba.

Nikapima tena. Ishirini na saba. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele karibu na usukani, na kioo cha kati kimeinamishwa chini. Jumanne iliyofuata, vilevile. Mzee yule hakuwa amefupika. Maana yake alikuwa anachukua gari langu kwa jina lake halafu anampa mtu mwingine aliendeshe, na mguu wa inchi ishirini na saba ni mguu wa mwanamke.

Dada, nilikasirika utadhani nimeibiwa. Ningeweza kumwuliza mzee, si yuko ngazi mbili tu juu yangu? Lakini ningemwuliza nini? Kwamba nimepima kiti? Nikafungua daftari langu la vipimo, la wateja wote wa mtaa huu, nikatafuta ishirini na saba. Nikapata wawili. Mmoja ni mama mwenye nyumba, ambaye hata ngazi anazipanda kwa kuziomba radhi. Wa pili ni msusi wa chini. Nikamfuata, nikajifanya nataka kujua kama ana leseni. Msusi akanitazama kwenye kioo, mikono imo kwenye nywele za mteja, akasema, "Mimi, Fundi? Hata baiskeli naiogopa." Kisha akauliza kwa nini nimekuja na futi shingoni. Nilitoka pale nimeona haya mpaka kwenye visigino.

Ikafika Jumamosi ya wiki iliyopita. Wifi yako aliondoka nyumbani mapema, akasema ana zamu. Mimi nikafungua duka, nikavuta cherehani karibu na dirisha ili nione barabara. Nilikuwa napinda suruali ya mteja. Saa tatu na nusu gari langu likapita mbele ya dirisha, taratibu, likiwa limewasha taa ya kukata kona. Taratibu alikuwa ameketi upande wa abiria, magoti yamemfika kidevuni. Kwenye usukani alikuwa mke wangu.

Alikuwa anacheka. Si ile ya adabu anayowachekea wageni. Kinywa wazi, kichwa nyuma. Sikumbuki mara ya mwisho kuiona hiyo nyumbani kwangu.

Niliacha suruali ya watu chini ya sindano, nikafunga duka, nikaenda kusimama uwanjani pale ninapoegesha. Unapajua? Hupajui. Ni kati ya ukuta na tangi la maji, pembamba hasa. Mimi mwenyewe naingia kwa kurudia mara tatu, na siku nikiwa na haraka, mara nne. Gari likaingia getini, likasimama, likawekwa rivasi, likaingia pale kinyumenyume mara moja tu, limenyooka kama mshono. Sikujua nianze na wivu upi.

Taratibu akateremka, akanisalimu kwa urefu wake wote, akaona uso wangu, akapanda ngazi. Wifi yako akabaki ameshika funguo.

Nikamwuliza, "Umeanza lini?"

"Hii ni wiki ya tisa."

"Na kwa nini huyu?"

"Huyu nilimwomba mara moja akakubali."

Hapo ningenyamaza ningekuwa mtu wa maana. Sikunyamaza. Nilimwuliza ni nini kingine alichomwomba mzee akakubali. Maneno hayo yalinitoka palepale uwanjani, mchana, mwalimu wa muziki akiwa barazani na birika lake la kumwagilia maua. Wifi yako akaniwekea funguo mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake, akaenda kazini. Zamu yake ilikuwa inaanza saa sita, na saa sita aliingia.

Mimi kwa hasira nikaingia kwenye programu nikaliondoa gari. Halafu nikarudi dukani nikafungua daftari, nikajiambia ngoja niuone mguu wa mke wangu. Nikalipekua kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwenye duka la vioo yumo. Binti yumo, sare za miaka yote. Wewe umo, lile gauni la kuondokea. Shemeji yumo na tumbo lake. Mke wangu hayumo, dada. Miaka kumi na tisa ya ndoa sijamshonea hata kitambaa cha kichwa. Anavaa za kununua, na zikiwa ndefu anazipunguza mwenyewe kwa cherehani yangu mimi nikiwa nimetoka. Nimewapima wanawake wa mtaa mzima, wake wa watu, na mguu ulioendesha gari langu majuma yote yale sikuutambua.

Sasa nikupe lililo zito, maana najua utakuwa unajiuliza kwa nini alijificha. Aliniomba nimfundishe mara tatu. Mara ya kwanza, miaka sita iliyopita, nikamwambia klachi ni mpya, isubiri izoee. Mara ya pili nikamwambia mvua ziishe kwanza. Mvua zikaisha, nikanyamaza. Mara ya tatu aliniomba mbele ya wageni, nikasema akishika usukani ataliegesha ndani ya sufuria. Watu wakavunjika mbavu. Hata wewe nilikusimulia kwenye simu ukacheka, unakumbuka. Yeye alikuwa anapakua chakula. Hakuniomba tena, na mimi nikadhani hamu imemtoka.

Siku mbili baada ya ugomvi, Jumatatu, binti alinipigia. Nilitegemea anitetee. Akaniambia yote aliyokuwa ameyaficha. Zahanati wanataka muuguzi wa kuwazungukia wagonjwa wasioweza kutoka majumbani, wamemchagua mama yake, na sharti ni leseni. Mtihani ulikuwa Alhamisi. Kila mtu anakwenda na gari lake, au la kuazima. Mama yake alikuwa na leseni ya mwanafunzi, na mkataba wa bima aliusoma wote, unawaruhusu wanafamilia. Mimi mkataba ule sijawahi hata kuufunua. Na kila saa ambayo mzee alilichukua gari kwa ajili yake, aliyelipa ni wifi yako, kutoka kwenye mshahara wake. Yaani mke wangu alikuwa anakodi gari lake mwenyewe kutoka kwangu, na mimi nilikuwa nafurahia malipo.

Binti akasema, "Ukiliweka tena kwenye programu, atafanya mtihani. Usipoliweka, hatakuomba. Mimi nimemaliza." Akakata simu. Mtoto niliyemlea mwenyewe, akanikatia simu!

Jumatatu ile yote niliona haya kulirudisha na niliogopa kutolirudisha. Wifi yako alikuwa ananipakulia, ananijibu salamu, na zaidi ya hapo ametia pamba masikioni. Nilijua kabisa kilichokuwa mezani. Akiukosa mtihani ule kwa sababu yangu, angeendelea kunipakulia chakula mpaka tuzeeke, na mke nisingekuwa naye tena. Jumanne asubuhi nikalirudisha. Kabla sijaweka simu mfukoni, ombi likaingia. Halikuwa la Taratibu. Lilikuwa na picha ya wifi yako, ile ya kitambulisho cha kazi, uso mkavu: Alhamisi, saa mbili hadi saa sita. Nikabonyeza kukubali. Kwenye nafasi ya ujumbe kwa mwombaji nilikaa robo saa nikitafuta la kuandika. Nikaandika, "Karibu." Mjinga mimi.

Alhamisi nililiosha kabla hawajaamka watu, nikakisogeza kiti mbele mpaka ishirini na saba. Aliondoka na Taratibu pembeni. Saa tano na nusu wakarudi, nikamwona anateremka, anamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, mzee anatikisa kichwa taratibu. Amefaulu, dada. Mara ya kwanza. Mimi nilifaulu mara ya tatu, na hilo wewe unalijua, baki nalo.

Ningependa kukuambia nilifurahi. Nilifurahi, lakini chini ya ile furaha lilikuwapo donge. Mzee wa watu hana kosa, na ubaya niliomdhania nimekwisha kumwomba radhi, akanisamehe kwa dakika kumi na tano nzima. Wivu nilio nao sasa ni mwingine. Yeye ndiye aliyemwona wifi yako gari likimzimikia katikati ya njia panda. Ndiye aliyeona alivyoingiza gia ya tatu siku ya kwanza. Wiki tisa za mke wangu anazo yeye, nami nina vipimo vya kiti. Hata akinisimulia haitakuwa sawa, na hajanisimulia bado.

Ijumaa nikapiga moyo konde. Nikamwambia gari ni lake, nitaliondoa kwenye programu, majirani watajua la kufanya. Nilidhani nimetoa zawadi kubwa. Akaweka pasi chini akaniambia nisiliondoe. Mwalimu wa muziki ana mama wa kumpeleka hospitali kila mwezi, maharusi wanategemea mtoto, yeye mwenyewe atalitumia siku tatu tu kwa wiki. Tena akasema hata yeye ataendelea kuliomba hukohuko kwenye simu.

Nikamwuliza kwa nini mke aombe gari la nyumbani kwake kwa simu.

Akasema, "Kwa simu unakubali kabla dakika haijaisha. Kwa mdomo nilikuomba miaka sita."

Hakupaza sauti. Akaichukua pasi akaendelea na kola. Mimi nikashuka kwenda dukani kumalizia ile suruali ya mteja, nikaipinda mguu mmoja mrefu kuliko mwingine.

Basi dada, hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Usinipigie simu kunicheka, angalau wiki hii. Mwandikie wifi yako umpongeze, na ule mzaha wa sufuria ukiwa bado unausimulia huko kwa watu, tafadhali uache. Mimi nimeuacha.

Nisalimie Shemeji, wapwa zangu wote wawili, na shangazi ukimtembelea, mwambie koti lake nalikumbuka. Binti anawasalimu, ingawa hanijibu vizuri. Mola akuongoze kila unapotoka na akurudishe salama kila unaporudi, na goti hilo likupe raha.

Nilikuwa natafuta pa kutia sahihi, simu imelia hapa mezani. Ni ombi jipya: kesho Jumatatu, saa moja asubuhi hadi saa kumi, siku yake ya kwanza ya kuwazungukia wagonjwa. Mwombaji yuko jikoni, ukuta mmoja tu kutoka hapa, namsikia akikoroga chai. Dakika imeshapita na sijabonyeza. Nadhani na yeye ameona imepita, maana kijiko kimenyamaza. Naiacha kalamu, nakwenda kumjibu kwa mdomo. Niombee ulimi usinikwame mlangoni.

Wako akupendaye, siku zote,
mdogo wako,
Fundi.